Mafundi tunao, tunachokosa ni daftari la gari

Gari ya mdogo wangu ni Toyota Fielder ya mwaka 2007. Inalala nje pale Nkuhungu, Dodoma, juani na vumbini, mwaka mzima. Julai nilipokwenda likizo nilitandika kanga kuukuu, nikajiingiza uvunguni na tochi kutafuta kutu. Sikuiona. Mabomba ya breki mazima, bati la sakafu zima, hata nati za ekzosi zilifunguka bila kupigwa nyundo.

Yangu niliyonayo huku Leeds, Uingereza, ni changa kwa miaka mitano, nayo ni gari ya buti refu kama Fielder, na imeshachomelewa mara mbili chini ya milango. Huku baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kukaa huko miezi, inakula chuma. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka na usemi kwamba magari ya Ulaya yanatunzwa na ya kwetu yanachakazwa. Ukavu wa Dodoma, ule unaotunyima mahindi, unalinda bodi ya gari kuliko rangi yoyote.

Na mafundi wetu! Mwaka juzi stata ya gari yangu, mota inayowashia injini, ilikufa. Gereji mbili hapa mtaani ziliniambia jambo moja: itolewe yote, ifungwe nyingine. Hakuna aliyetaka kuifungua, maana saa moja ya fundi ni ghali kuliko kitu chenyewe. Stata ya Fielder ilipogoma nikiwa nyumbani, fundi aliifungua juu ya gunia chini ya mwarobaini, akanionyesha. "Dada, hii haijafa. Imekwisha kaboni tu." Akabadilisha kaboni, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya stata, akasafisha, akairudisha, chai yangu haijapoa. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona kwenye gereji yoyote ya huku.

Kisha fundi huyohuyo akauliza oili ilimwagwa lini. Mdogo wangu akanitazama. Labda Machi, akasema. Kilomita ngapi? Hajui. Oili ya gia boksi je? Hiyo hakuna aliyewahi kuigusa tangu tuinunue, na kabla ya hapo Mungu ndiye ajuaye.

Tukaendelea kufungua. Themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo. Rejeta imejaa maji ya bomba. Nani aliitoa? Huenda mwenye gari wa kwanza, huenda fundi fulani wa njiani Kibaigwa siku ilipochemsha ikiwa na magunia. Najua kwa nini mafundi wetu wanaitoa: gari ikichemsha, kuitoa ndiyo njia ya haraka ya kufika nyumbani. Lakini hiyo ni dawa ya siku moja, na gari ikaachwa nayo miaka. Injini ile imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na nyuzi 80 na kitu. Bila themostati, asubuhi za baridi za Julai inachelewa sana kupata moto, inakunywa petroli zaidi, na inaliwa ndani polepole. Kuhusu maji: watu wanadhani kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, ni ya nchi za barafu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, sufuria inachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta unaongeza presha, ni kweli, lakini kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka juu zaidi na inazuia kutu ndani ya injini. Kutu tuliyookolewa nayo kwenye bodi, tunaikaribisha wenyewe kwenye rejeta.

Hapo ndipo Waingereza wanatushinda, na si kwa ufundi. Huku gari ikitimiza miaka 3 inapimwa kila mwaka. Kipimo kinaitwa MOT, bei yake ya juu kwa gari ndogo ni pauni 54.85, na matokeo yanawekwa kwenye tovuti ya serikali. Ukiwa na namba ya gari unayasoma bure: imetembea maili ngapi kila mwaka, ilifeli nini, ilionywa nini. Nilipokuwa nanunua yangu niliyasoma nikiwa kwenye basi narudi kutoka zamu ya usiku. Bushi za mbele, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu, zilikuwa zimetajwa miaka miwili mfululizo. Nikamwonyesha muuzaji, akashusha bei. Gari ile ina kumbukumbu kuliko mwenye nayo. Yetu kila ikibadilisha fundi inazaliwa upya.

Vivyo hivyo kwenye kuifanyia gari mabadiliko. Huku hata ukifunga rimu nyingine inakupasa uwaambie watu wa bima, la sivyo wanaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Kwetu hakuna anayeuliza, na uhuru huo naupenda. Mdogo wangu amefunga keria juu, ametoa viti vya nyuma msimu wa zabibu ili kreti za Mpunguzi zienee, na mawazo hayo yote ni mazuri. Ila ameinyanyua kwa spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi kuipandisha gari, ili ivuke makorongo ya kwenda kwa mama, ng'ambo ya Mvumi. Namwelewa, chini ya gari ile kuna kama sentimita 15 tu. Lakini spesa imepindisha pembe ya draivu shafti, ule mhimili unaozungusha gurudumu. Mpira unaofunika jointi yake umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia, na ukigeuza usukani unasikia ikigonga. Tairi za mbele zimeliwa upande wa ndani. Taa nazo zinawapiga machoni wanaokuja, jambo linaloniogopesha kuliko yote, barabara ya Morogoro usiku inatosha kuua bila msaada wetu.

"Kila mtu anafunga hizi, dada," fundi aliniambia. Nikamwomba anionyeshe magari mangapi yamerudi kwake na mipira iliyochanika. Alicheka, kisha akahesabu kwa vidole, akapitiliza mkono wa kwanza.

Tulinunua daftari pale Majengo, nikalitoboa na kulifunga kamba kwenye kiboksi cha dashibodi. Ukurasa wa kwanza una tarehe, kilomita, aina ya oili, themostati mpya, kulanti. Sikutaka fundi asaini, aliomba mwenyewe. Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha: filta ya hewa imepulizwa, na chini yake mwandiko wa fundi, "ibadilishwe mwezi ujao, vumbi limezidi."

Spesa bado ziko. Tumekubaliana zitoke kabla ya mvua za Desemba, ifungwe springi nzito nyuma na mpira mpya mbele, na siku korongo likijaa mama atafuatwa kwa bodaboda.