Usisubiri Ngama Ijae: Kipeo, Baki na Namba Ndefu

Mpwa wangu alinijia Kisauni na kipakatalishi kilichoganda, akaniambia, "Mjomba, mashine hii imezeeka." Alikuwa akijifunza usimbaji wa RSA, ile njia ya kuficha ujumbe kwa hesabu iliyotungwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, akiandika kwa lugha ya programu ya JavaScript, na mashine yake haikuwa na kosa lolote. Alikuwa ameiagiza ipandishe namba hadi kipeo chote kwanza, yaani iizidishe kwa yenyewe mara zote, kisha ndipo igawanye na kutafuta baki.

Naona lawama ni yetu sisi tunaofundisha. Tunaandika ubaoni kipeo halafu baki, kana kwamba ni kazi mbili zinazofuatana, naye mwanafunzi huiamuru kompyuta kwa mpangilio uleule. Baharia hasubiri ngama, pale chini chomboni maji yanapokusanyika, ijae ndipo aanze kufua maji. Huyafua kadiri yanavyoingia. Hesabu ya baki inaruhusu hivyohivyo, kwa sababu ukipunguza namba, yaani ukishika baki lake tu, kabla ya kuzidisha au baada yake, baki la mwisho halibadiliki. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumelizoea jambo hili: saa kumi ukiongeza saa tano ni saa tatu, wala hakuna anayetaja saa kumi na tano.

Chukua 7 kwa kipeo cha 13, utafute baki ukigawanya kwa 11. Ukianza na kipeo chote utabeba 96,889,010,407. Ukipunguza kila hatua, mraba wa 7 ni 49, baki 5. Mraba wa 5 ni 25, baki 3. Mraba wa 3 ni 9. Kwa kuwa 13 ni jumla ya 8, 4 na 1, zidisha 9 (ya kipeo cha 8), 3 (ya kipeo cha 4) na 7 yenyewe, upate 189, ambayo baki lake ni 2. Hapakuwa na namba iliyozidi tarakimu tatu.

Ufunguo wa RSA wa biti 2048, yaani namba inayoandikwa kwa 0 na 1 zipatazo 2048, una tarakimu 617 za kawaida. Kipeo cha siri, kile anachotumia mwenye ufunguo kufumbua ujumbe, kikiwa na urefu huohuo huhitaji miraba kama 2048 na, kwa wastani, kuzidisha kwingine mara 1024, kazi ambayo simu ya mkononi huimaliza mara moja. Ukitaka kipeo chote kwanza, hata idadi ya tarakimu za jibu ni namba yenye tarakimu zaidi ya 600, na hakuna kumbukumbu ya kompyuta duniani inayoweza kulihifadhi.

JavaScript nayo ina lawama yake. BigInt, aina yake ya namba ndefu iliyoingizwa rasmi mwaka 2020, ilituvusha kikomo cha namba nzima zake za kawaida, 9,007,199,254,740,991, lakini ilikuja bila amri ya kutafuta kipeo na baki kwa pamoja, ilhali lugha ya Python hufanya hivyo ukiipa amri yake ya pow namba ya tatu, na lugha ya Java ina amri ya modPow. Nitaambiwa kwamba mistari kumi ya programu inaziba pengo hilo. Inaziba, kwa kujifunzia. Kwa kulinda fedha za watu haifai hata kidogo, kwani mtaalamu wa usimbaji Paul Kocher alionyesha mwaka 1996 kwamba muda unaotumika katika hesabu hii unaweza kufichua kipeo cha siri: biti ya 1 huongeza hatua ya kuzidisha ambayo biti ya 0 haina. Kazi ya namna hiyo waachiwe wenye maktaba za programu zilizokwisha kupimwa.

Mpwa wangu aliandika mistari yake kumi jioni ileile, na kipakatalishi kile "kizee" anakitumia hadi leo.