Albarracín: kuta zimepona, je, wenyeji?

Albarracín ni mji mdogo wa mlimani katika mkoa wa Teruel, mashariki mwa Hispania. Wakazi wake ni kama 1,000 tu. Jina limetokana na Banu Razin, ukoo wa Waberberi, watu wa Afrika Kaskazini, uliotawala hapo karne ya 11. Tangu 1961 mji mzima unalindwa kama urithi wa taifa.

Kinachovuta watu ni rangi. Kuta zimepigwa lipu ya jasi ya huko huko, na wekundu wake unatokana na chuma kilichomo ndani yake. Ghorofa za juu zimetokeza mbele kwa boriti za mbao, hata katika vichochoro vingine mapaa ya nyumba zinazotazamana yanakaribia kugusana. Hakuna ukuta ulionyooka, na hapo ndipo raha yenyewe.

Ila raha hiyo ni ya mpita njia. Mwenye nyumba hawezi kubadili dirisha au kupiga saruji apendavyo. Mzee anapanda miteremko na mtungi wa gesi au mfuko wa viazi. Nyumba ya wageni nayo huenda ikamlipa mwenye mali zaidi kuliko kumpangisha mwalimu au nesi. Kwa Teruel, mkoa wenye watu kama 9 tu kwa kilomita ya mraba, kumkosa nesi mmoja si jambo dogo.

Wanaotetea utalii watauliza: mngekula nini? Swali la haki. Vijiji vingi vya milima ile visivyo na ngome wala sifa vimebaki na wazee. Tena Albarracín haikukaa kungoja wageni. Wakfu wa Santa María, ulioanzishwa 1996, hukarabati majengo kisha huyatumia: malazi, matamasha, mafunzo ya uhifadhi. Hapo mimi naegemea upande wa wakfu huo. Ajira ya mhudumu wa mkahawa hufuata wikendi na likizo. Fundi wa jasi ana kazi hata watalii wakiwa kwao, maana lipu haiachi kubanduka.

Hata hivyo, fundi naye anahitaji pa kulala. Ningekuwa diwani pale, ningemruhusu mtu kufungua nyumba mpya ya wageni kwa sharti moja: nyumba nyingine aipangishe mwaka mzima, kwa kodi ambayo mshahara wa fundi unaimudu. Wenye mali wangenung'unika, na wangekuwa na sababu, kwani ukarabati wa nyumba ya karne kadhaa haufanywi kwa fedha za mchezo.