Kamati ya Arusi na Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mimi sina ugomvi na ushirikiano wa kikanda. Taarifa ya habari ikitangaza kwamba marais wamekutana Arusha wakaelewana, nami hufurahi papa hapa barazani Langoni, kikombe cha kahawa mkononi. Kinachonikondesha ni kwamba binti yangu anaolewa baada ya mfungo, na jamaa wa kushauriwa wametapakaa katika nchi tatu: ami yuko Kisimayu, shangazi na wanawe wako Pemba, na sisi wa Lamu ndio tuliotwishwa kazi ya kuwakutanisha.

Nianze na shangazi. Tangu mwaka 2014, Mkenya anaruhusiwa kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, kwa hiyo nikiamua kesho ninaweza kwenda Kigali, mji usio na bahari wala jamaa yangu hata mmoja, nikapokewa kwa heshima zote. Nikitaka kwenda Pemba kwa shangazi aliyenilea, ambako babu alikuwa akishuka na kaskazi bila kuulizwa na mtu zaidi ya habari za safari, natakiwa niwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Shangazi, kwa huruma yake, amesema atakuja yeye, mradi apelekewe nauli, na nauli hiyo anaitaka kwa shilingi za Tanzania. Itifaki ya sarafu moja ya nchi za Jumuiya ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na tuliahidiwa kwamba sarafu yenyewe ingeanza mwaka 2024. Mwaka huo umekuja na kupita, na mimi bado nabishana na wakala wa kutuma pesa juu ya makato, huku nyuma yangu foleni ikiguna.

Kuna bandari mpya pale Kililana, hapahapa kwetu Lamu, ile ambayo Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikuja kuizindulia ujenzi Machi 2012 ili Sudan Kusini na Ethiopia zipate mlango wa baharini. Gati zake zina kina cha mita 17.5. Meli ya kutisha inapita. Shangazi na kikapu chake cha karafuu hapiti.

Ami naye ana kisa chake. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Machi 2024, kwa hiyo kwenye karatasi ami ni mwanajumuiya mwenzangu mwenye haki zote. Hata hivyo, mpaka wa nchi zetu ulifungwa rasmi zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwaka 2023 serikali mbili zilitangaza kwamba utafunguliwa kwa hatua, kivuko cha Kiunga upande wetu wa Lamu kikiwemo, na ilipofika Julai mashambulizi yakafanya mpango uahirishwe. Suala la usalama silibishi, kwani hakuna mtu wa Lamu anayehitaji kuelezwa. Ninacholalamikia ni kwamba mpaka umemzuia ami kuja lakini haujaizuia sauti yake, maana kila alfajiri natumiwa ujumbe mrefu wa sauti unaoanza kwa dua na kuishia kwa pingamizi.

Pingamizi hizo zina nguvu ya sheria, na hapo ndipo mke wangu aliponiponza. Yeye ndiye katibu wa kamati, na kwa kuwa aliwahi kusikia redioni kwamba Wakuu wa Nchi za Jumuiya huamua mambo kwa makubaliano ya wote, akaona nasi tufuate utaratibu huohuo ili asiwepo wa kununa. Matokeo yake ni kwamba hatujaamua hata chakula. Lamu inataka biriani, Pemba inataka pilau, na Kisimayu haikatai biriani wala pilau, bali inataka ielezwe kwanza kwa nini haikuulizwa mapema. Kwenye fedha tumeiga vilevile: kwa miaka mingi nchi zote za Jumuiya, kubwa kwa ndogo, zilitakiwa kutoa mchango sawa, na malimbikizo ya madeni yakawa ajenda isiyokauka. Kwetu malimbikizo yapo tayari kabla hata mbuzi hajanunuliwa, na asiyetoa kitu ndiye mwenye maoni marefu kuliko wote juu ya ukubwa wa mbuzi.

Jirani yangu ananishauri niivunje kamati. Namkumbusha kwamba Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mapatano ya kugawana mali na madeni yake yakatiwa saini mwaka 1984. Ikiwa serikali zenye mawakili zilichukua muda huo, sisi tutagawanaje masufuria ya marehemu bibi, ambayo mawili yako Pemba na mifuniko yake iko Kisimayu?

Jana katibu aliwasilisha hoja kwamba, kwa kuwa Kigali ndiko ninakoruhusiwa kufika bila usumbufu, arusi ihamishiwe huko. Bwana arusi aliuliza kama Kigali kuna samaki. Shangazi alisema hana pasipoti. Ami hakusema kitu, kwa sababu mtandao wa kwao ulikuwa umekatika, na kwa kuwa bila yeye hakuna makubaliano ya wote, hoja imeahirishwa hadi kikao kijacho, ambacho tarehe yake nayo lazima ikubaliwe na wote.