Wezi wa Maji Kutoka Sirius

Ukitaka kutazama tamthilia ya anga kwa utulivu hapa Lamu, itie kwenye simu upande mashua, ukaitazamie katikati ya bahari. Barazani haiwezekani. Chombo hakijang'oa hata nanga, mjuaji wa kwanza ameshakohoa: "Kwani huo mlio tunausikiaje? Angani si hakuna hewa?" Basi hapo picha itasimamishwa na kahawa itapoa mpaka suala la hewa liishe. Nalo haliishi, maana anayedakia ni fundi wa umeme.

Fundi wa umeme ndiye balaa lenyewe. Hana ugomvi na kasi ya kuipita nuru, wala na watu kuyeyuka hapa wakatokea kule. Lake ni moja: mbona katika Star Trek kila chombo kikipigwa ubavuni, meza ya vitufe inalipuka na kumrusha rubani? Kitufe, asema, hakibebi umeme mkubwa. Kinapitisha volti 24 au chini yake, kinaamsha rilei, na rilei ndiyo inayofungua umeme wa maana huko chini kwenye mitambo. Katikati unaweka fyuzi na sakiti breka. Watu wa karne ya 24, wana mashine inayotoa chai kutoka hewani, fyuzi hawana? Ukimwambia kwamba nguvu ya chombo chao hupita kwenye mabomba ya plazma, gesi yenye moto kupindukia, ndiyo kwanza anawaka: nani aliyelaza bomba la plazma chini ya magoti ya mfanyakazi? Na mikanda ya viti iko wapi? Boti ya Mokowe, safari fupi ile, unavalishwa jaketi.

Mwenye duka naye ana daftari. Star Trek: Voyager ilianza 1995. Chombo kimetupwa miaka ya nuru 70,000 kutoka kwao (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huenda mwaka mzima), na kurudi ni safari ya miaka 75. Mapema tu katika msimu wa kwanza tunaambiwa wana makombora 38 na hawana namna ya kupata mengine. Aliyeandika maneno hayo hakujua duniani kuna watu wanaohesabu. Mashabiki wamehesabu misimu yote saba, wakakuta yaliyofyatuliwa ni zaidi ya mara mbili ya hayo. Vyombo vidogo vya kushukia navyo huanguka na kulipuka ovyo, ukija kuangalia ghala bado limejaa. Chombo chenyewe leo kimetobolewa, wiki ijayo kinang'aa. Mwenye duka hapati usingizi: mali inaingilia wapi, na nani alitia sahihi kuipokea? Vijana humwambia labda walijifunza kuyaunda baadaye. "Basi waseme!" Na hapo, kusema kweli, niko upande wake. Uongo wa kuipita nuru nimeupokea mlangoni kwa hiari yangu. Ila ukishanitajia 38, hiyo 38 ni deni.

Wanaojua hesabu wapo. Battlestar Galactica ina sehemu iitwayo "33", ya kwanza ya msimu wa kwanza. Adui anawafikia binadamu waliosalia kila baada ya dakika 33, nao wanaruka tena kwa vyombo vyao hadi mahali pengine angani. Wanasema wameruka mara 237 na hawajalala kwa zaidi ya saa 130. Chukua kalamu: 237 mara 33 ni dakika 7,821, gawa kwa 60, unapata saa 130 na dakika 21. Imekaa! Na rais wao ana ubao ukutani wa idadi ya walio hai, kila aliyekufa anapunguzwa. Mwenye duka akiona ubao ule hutabasamu kama amelipwa. Halafu mwisho wa tamthilia hiyohiyo, 2009, watu wasiofika elfu arobaini wanakubaliana kuvitupa vyombo vyao juani waanze maisha upya porini. Wote! Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya dawa za hospitali? Hapa kumpata mtu wa kuhama mtaa mmoja kwenda mwingine ni kikao cha ukoo.

Lakini vita vyenyewe hasa ni vya maji, na hapo wazee nao huacha bao.

Maji Lamu si mzaha. Mji unakunywa kutoka visima vya Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mvua inazama, mchanga unaichuja, na maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na ikishapanda haishuki kwa kuombwa. Sasa mwonyeshe mtu wa hapa V, ile ya 1983: wageni wenye ngozi ya mjusi chini ya sura za watu wanatoka nyota ya Sirius, miaka ya nuru 8.6, kuja kutuibia maji. (Na kutula vilevile, lakini hilo la kuliwa halimshughulishi mtu.) Maji! Europa, mwezi mmoja tu wa Mshtarii, unakadiriwa kuwa na maji mara mbili ya bahari zetu zote, na hakuna mwenyewe wa kukufukuza. Vimondo vya barafu vinaelea bure njiani. Wao wamevipita vyote, wakaja kuchota mahali penye mvutano mkubwa na watu wenye bunduki.

Mwalimu wa fizikia akiwa karibu ndiyo basi. Kila kilo lazima ifike kilomita 11.2 kwa sekunde ndipo iondoke duniani isirudi. Nusu ya uzito mara kasi kwa kasi: karibu megajuli 63, yaani yuniti 17 na kitu za umeme kwa lita moja, hata kama hakipotei kitu njiani. Mtungi wa lita 20 ni yuniti 348. Na ukumbuke mjusi anajaza meli nzima. Tokeni atanunua wapi?

Mwalimu wa historia humkata: V haihusu maji, inahusu udikteta. Tazama wanasayansi wanavyosakwa, vijana wanavyovalishwa sare, jirani anavyomtaja jirani. Kweli tupu. Lakini ndugu yangu, dikteta naye anafanya hesabu. Ukimpa sababu ya kipumbavu ya kuja, ubaya wake wote unabaki ni tabia mbaya tu, na siasa si tabia, ni nani anapata nini.

Ndiyo maana The Expanse, iliyoanza 2015, imewashika watu hapa. Ceres, sayari kibete kati ya Mirihi na Mshtarii, ilikuwa na barafu, Dunia na Mirihi zikaivuna, na sasa wanaoishi huko wananunua maji kwa mgao, barafu ikiletwa kwa meli kutoka pete za Zohali. Mchimbaji si mnywaji. Hata ujumbe kutoka sayari hadi sayari huchelewa, maana nuru yenyewe huchukua dakika 3 hadi 22 kati ya Dunia na Mirihi. Mwalimu wa fizikia bado ana neno, hakosi: Ceres inakadiriwa robo ya uzito wake ni maji, karibu sehemu moja kwa sita ya bahari zetu, yameishaje kwa karne chache? Wazee humwambia anyamaze. Nao mara moja wako sahihi, kwa kuwa kosa hilo liko kwenye kiasi, haliko kwenye maslahi.

Galactica ilijaribu jambo gumu zaidi mwaka 2006, mwanzo wa msimu wa tatu. Wale tunaowapenda wanatawaliwa kwa mabavu, na ni wao wanaojilipua kati ya watu, huku Marekani ikiwa Iraq. Machi 2009 Umoja wa Mataifa ukaita kikao New York kuijadili. Hiyo hapa haina wajuaji. Walioishi na amri ya kutotoka usiku huitazama bila kusimamisha picha.

Kodi ndiyo inayorudisha kelele. Doctor Who ya 1977, The Sun Makers: kampuni inawauzia watu wa Pluto mwangaza wa jua na kuwatoza kila kitu, hata kifo. Mtu amefiwa na baba, hana kodi ya msiba, anapanda juu ya paa ajirushe. Mwandishi Robert Holmes aliuita ujia mmoja P45, jina la fomu ya kodi anayopewa mfanyakazi wa Uingereza akiacha kazi. Baraza hucheka mpaka kashata zinaanguka. Kisha kila mtu hutoa simu na kuanza kusoma makato kwa sauti.

Ila tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, huko Kililana, lifunguliwe Mei 2021, hakuna tamthilia inayotafsiriwa kwa kasi kama Deep Space Nine, nayo ya ukoo wa Star Trek, ingawa ni ya 1993. Sayari ya Bajor imekaliwa na wavamizi, Wakadasia, miaka hamsini hivi, madini yamebebwa, kimebaki kituo kibovu angani. Ghafla mlango wa kupitia upande wa pili wa galaksi unafunguka hapohapo jirani. Kituo kinasogezwa mlangoni, na waliokuwa hawaijui Bajor kwenye ramani wanakuja na zawadi. Mashabiki wa ng'ambo hubishana mlango ule unafanya kazi vipi. Vijana wa hapa hawaulizi hilo. Wanaulizana ajira. Mkuu wa kituo, Sisko, ametoka Dunia. Daktari, Dunia. Fundi mkuu, Dunia. Wa usalama anageuka umbo, kwao hakujulikani. Mwenye baa ni Mferengi, wa sayari nyingine ya wafanyabiashara. Mbajor ni Kira, naye ni naibu. Mwenye duka hufungua daftari: "Haya, nitajieni Mbajor wa pili mwenye mshahara." Mtu wa nyuma hujibu kwa sauti ndogo: "Leeta. Yuko kwenye meza ya kamari."