Ndiyo, Chura Hubeba Muhogo

Ijumaa iliyopita nilikuwa Marikiti, Mombasa, buti ya Chura, gari langu la spoti, iko wazi, napanga muhogo kando ya betri. (Wenye Mazda Roadster za zamani mnajua: betri yetu iko nyuma, ndani ya buti, kwa hivyo muhogo mrefu hulazwa mshazari au hukatwa.) Akasimama mzee mmoja, kanzu imenyooka, funguo za Prado zaning'inia kidoleni. Akalizunguka gari mara mbili kama anayekagua mbuzi wa Idi, kisha akatikisa kichwa.

"Binti yangu, gari kama hili ndilo la kubebea muhogo? Hili ni la kuwekwa."

Nikamwamkia kwanza, maana nina kwetu. "Shikamoo, baba. Hata muhogo una haki ya kupanda spoti." Akacheka, akenda zake. Mimi sikucheka. Neno lile nimekwenda nalo mpaka nyumbani Tudor, nikalala nalo, nikaamka nalo. La kuwekwa! Likawekwe wapi? Kabatini, pamoja na vikombe vya wageni?

Kwa wasiomjua, Chura ni Mazda Roadster ya 1991, nyekundu, namba yake bado inaanza na KA. Iliingia nchini kabla sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane haijakaza, na leo huwezi kuteremsha nyingine ya umri wake pale bandarini Kilindini hata ulie. Jina walimpa watoto wa mtaani kwa sababu ya zile taa zinazoinuka. Nikipita jioni hukimbia kando wakipiga kelele "Konyeza! Konyeza!" Ilibidi fundi anifungie swichi ya kuinua taa moja moja. Hela ya kipuuzi kabisa, na sijutii hata shilingi.

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Asubuhi Chura hunipeleka kazini Changamwe, Makupa tumebanwa katikati ya malori ya makontena ambayo matairi yake yananipita urefu nikiwa nimeketi. Mchana hulala juani. Jioni hupitia sokoni. Na kila juma, bila kukosa, hutokea mtu wa kunihurumia, kana kwamba nimemwajiri mtoto mdogo kazi ya kuchukua magunia.

Sasa niwaambie habari ya gari lililowekwa.

Rafiki wa kaka yangu anakaa Nyali, upande wa baharini, nyumba ambayo ukifungua dirisha unaonja chumvi. Ana gari la spoti, Toyota MR2 nyeupe, na analipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Miaka mitatu alilifunika turubai, chini ya paa la mabati, na kila Jumapili alikuwa akiliwasha dakika tano, "damu izunguke," kisha analizima na kulifunika tena. Alituambia jambo hilo kwa fahari. Mwezi wa kwanza mpwa wake akaoa, akaomba aende harusini na gari la mjomba. Tukaenda kulitoa.

Halikutoka. Breki za nyuma zilikuwa zimeshikana na diski kama zimechomelewa. Tulipozigongagonga zikaachia, tukasukuma, likawa linaruka-ruka. Tairi zimekaa muda mrefu mahali pamoja mpaka zimefanya bapa. Nikachutama kusoma zile namba nne za ubavuni, wiki na mwaka, nikakuta tairi zilizong'aa vile zina umri wa mtoto anayekwenda madrasa. Panya walikuwa wamezaa juu ya injini na kula waya kama tambi. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilinuka vanishi. Na tulipolivua lile turubai vizuri, chini yake rangi imevimba vipele vipele, na kila kipele ukikibonyeza kinatoa unga wa kahawia. Bwana harusi akaenda kwa Probox, maskini, imefungwa maua, na picha zilitoka nzuri tu.

Jamani, huu ni mji wa bahari! Hewa yetu ni supu. Chumvi ikitua juu ya chuma haikai kimya, inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo hata siku isiyo na mvua bodi yako iko majimaji usiyoyaona. Kusi likivuma ndiyo usiseme. Ukilifunika turubai, unyevu ule umeufungia ndani pamoja na joto. Umelipika gari kwa mvuke, kama viazi. Mafuta ya breki yenyewe hunyonya maji taratibu, ndiyo maana mafundi husema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hujaendesha. Diski ya breki inayotumika kila siku husuguliwa kutu yake kila asubuhi kabla hujafika mataa ya kwanza. Iliyowekwa hujengewa kutu mpaka ikashikana.

Na hizo dakika tano za Jumapili! Afadhali ungeliacha limelala. Injini ikiwaka hutoa mvuke wa maji, huo ni moto wa petroli, hakuna njia nyingine. Gari likitembea kama dakika ishirini na zaidi, oili inapata moto wa kutosha, maji yale yanapaa. Ukiliwasha dakika tano ukalizima, maji yanabaki ndani ya oili na ndani ya egzosi, na juma linalofuata unaongeza mengine. Egzosi inaoza kutoka ndani huku wewe unafuta vumbi nje na kitambaa cha pamba. Halafu betri: umeitoa nguvu ya kuwashia, hujairudishia. Miaka mitatu alikuwa analiua gari lake kwa mapenzi, kila Jumapili, saa nne asubuhi.

Alinijia juu nilipomwambia hivyo. "Wewe lako linagongwa na tuk-tuk!" Kweli. Chura amegongwa na tuk-tuk mara tatu, mara moja pale Buxton tuk-tuk yenyewe ilikuwa imesimama, sijui hata sasa ilikuwaje. Bampa lina kovu la tuta moja la Kisauni lililochomoza usiku mmoja bila alama wala rangi. Makovu yote hayo fundi wangu wa Majengo aliyatengeneza kwa siku mbili. Ile MR2 iko kwa fundi huyohuyo tangu mwezi wa pili.

Msidhani basi kutumia ni kutumia tu. Nikiri hapa, ingawa sipendi kukiri: gari la namna hii kila siku ni kazi. Mvua za Mei mji ukigeuka dimbwi, Chura hukaa nyumbani nami napanda matatu na viatu mkononi. Feri niliacha zamani. Maji yakipwa, ule mteremko wa Likoni ulilamba bampa la mbele mara mbili, na huku maji ya bahari yanarushwa chini ya gari bure. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke nikienda Diani nazunguka huko, mbali lakini kwa heshima. Petroli, sawa, petroli inauma. Bima ni thadi pati, kwa umri wake hakuna aliyetaka kunipa zaidi.

Na kuosha. Hapa ndipo majirani huniona sina akili. Hawa wanaotuoshea magari wengi hutumia maji ya kisima, na maji ya visima vyetu mnayajua, chai ukiyapikia hayahitaji chumvi bali kitubio. Unalipa mtu akupake chumvi gari lako, kisha akukaushie vizuri! Mimi hununua maji matamu kwa wenye mikokoteni, madumu mawili kila Jumamosi, moja kwa ajili ya tumbo la gari tu, chini kule, matao ya magurudumu na vizingiti vya milango. Jirani mmoja aliniuliza kama Chura hunywa pia.

Ila kuna kitu kimoja nilichojifunza kwa sababu tu natumia gari kila siku. Roadster ina vitundu nyuma ya paa la turubai vya kupitishia maji ya mvua. Mimi naegesha chini ya mwarobaini. Majani yakaziba, maji yakapotea njia, yakaingia ndani ya vizingiti, na hapo ndipo magari haya huozea, duniani kote, si Mombasa peke yake. Nilijua kwa sababu siku moja nilipokata kona ya Sabasaba nilisikia maji yakicheza chini ya mlango kama dafu. Nikafukua majani kwa waya siku hiyohiyo. Gari lililofunikwa lingeniambia lini? Halisemi kitu. Ukiliendesha linakwambia lote, hili linalia, hili limelegea, leo sisikii vizuri giya ya pili.

Tena hawa watu wa "la kuwekwa" wanalikosea adabu gari lenyewe. Roadster ilipoonyeshwa Chicago mwaka 1989, sifa yake ilikuwa ni wepesi na bei ya mtu wa kawaida. Haifiki tani moja. Injini yake ni ndugu na ya Mazda Familia, ile ile Familia ya baba zetu, na ndiyo maana fundi wa Majengo haiogopi. Mazda walikuwa na msemo wao wa Kijapani, kwamba mpanda farasi na farasi wawe mwili mmoja. Kufikia 2016 walikuwa wameunda milioni moja. Milioni! Kama una Toyota 2000GT, ambazo zote hazikufika mia nne, haya, funika, nami nitakuletea turubai mwenyewe. Lakini Chura si masalia ya Gede.

Na hii nchi yetu ndiyo ingekuwa ya mwisho kuogopa kulichafua gari la spoti. Datsun 240Z, milango miwili, boneti refu, gari ambalo Ulaya leo huwekwa chini ya taa za maonyesho, lilishinda Safari Rally 1971, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Wazee wetu walisimama kando ya njia wakalipungia. Hakuna aliyepiga kelele, "Limefungieni!"

Lakini hayo yote ni maneno ya kubishania barazani. Sababu yangu haswa ni mama.

Magoti yake yameharibika. Kuingia ndani ya Chura ni kujitumbukiza, na kutoka ni kama kutolewa kisimani, mimi navuta mikono miwili naye akiomba Mungu kwa sauti. Kila Jumamosi hulalamika. Kiti kiko chini, upepo mwingi, watu wanatutazama. Na kila Jumamosi saa kumi na nusu nakunja paa, tunateremka Laitihausi, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tunakula ndani ya gari tukiitazama bahari na meli zinazoingia. Mahali pale, mabega yetu yamegusana kwa sababu hamna nafasi nyingine, ameniambia mambo ya babangu ambayo miaka thelathini sebuleni hakuniambia. Viti vina madoa ya mafuta. Kiti chake kimebonyea upande mmoja.

Fundi alinishauri nibadilishe sponji ya kiti hicho. Nimekataa.

Leo ni Jumamosi. Madumu mawili nimeshayamimina, gari bado linachuruzika, na mama yuko mlangoni tangu saa kumi, buibui keshavaa, anauliza huko kwenye kompyuta naandika nini na upepo kwanza leo ni mwingi, labda tusiende. Mkoba keshaubeba.