Historia ya duka la samaki imo kwenye daftari, si kwenye picha

Historia za maduka ya samaki ya kifamilia hufanana: babu na mtumbwi wake, picha iliyopauka ukutani, wajukuu wenye aproni. Sina ugomvi na babu. Ila masimulizi hayo hayaelezi kwa nini duka hili limefika kizazi cha tatu na lile la jirani likafa, na wote walinunua kwenye mnada uleule. Majibu yamo kwenye barafu, kisu na daftari.

Kabla ya barafu, muuza samaki alikuwa na saa chache tu. Kilichobaki jioni kilitiwa chumvi, kikaanikwa au kikakaushwa kwa moshi. Barafu ndiyo iliyompa siku ya pili, akapata nafasi ya kuchagua anunue nini badala ya kukimbizana na jua.

Wengi bado wanaitumia vibaya. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza takriban kilokalori 80 za joto. Kumshusha samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi karibu na 0 kunataka kama theluthi ya kilo ya barafu. Mbona basi wazoefu wa sehemu za joto huweka kilo kwa kilo? Kwa sababu barafu nyingi huliwa na joto linalopenya kwenye kuta za sanduku na kila kifuniko kinapofunguliwa. Barafu iwe ya kusagwa, maana mabonge huacha nafasi za hewa na kuchubua nyama. Samaki aliyetolewa matumbo alazwe tumbo chini, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Maji ya damu yakituama, samaki wa chini huanza kuvunda wakati wa juu bado wanang'aa. Minofu isiguse barafu moja kwa moja. Itapauka na ladha itaondoka na maji.

Kisu ni hesabu. Chewa wa kilo 10, mwenye kichwa kikubwa vile, anaweza kutoa kilo 4 tu za mnofu mtupu. Maana yake kilo ya mnofu imekugharimu mara mbili na nusu ya kilo ya samaki mzima, kabla hujahesabu barafu wala mkono wa mkataji. Anayepanga bei kwa kuongeza kidogo juu ya bei ya mnada anauza kwa hasara huku foleni ni ndefu. Duka lililodumu liliandika uzito kabla na baada ya kukata, kila aina ya samaki peke yake, na likajua vichwa na mifupa vya supu vinarudisha kiasi gani.

Halafu kuna friza. Mmarekani Clarence Birdseye alijenga biashara yake ya vyakula vya kugandishwa miaka ya 1920 juu ya jambo moja: samaki akigandishwa haraka, chembe za barafu ndani ya nyama hubaki ndogo. Friza ya kawaida hugandisha polepole, chembe zinakua na kupasua nyama, na samaki akiyeyuka anachuruzika maji na kulegea. Kumtupia humo samaki aliyelala siku tatu hakumrudishi ujana. Kwa jodari na vibua ni hatari pia: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na ikishatokea haiondolewi kwa kugandisha wala kwa kupika. Mteja ataugua kwa kula samaki ambaye huenda hata hakunuka.

Masoko makubwa yenyewe yamehama kufuata mahitaji haya. Fulton, soko la samaki la New York, lilihamia eneo la Bronx la jiji hilohilo mwaka 2005. Tsukiji la Tokyo, lililofunguliwa 1935, lilihamia Toyosu mwaka 2018, kwenye majengo yaliyofungwa yanayodhibitiwa joto. Wajuzi wa kupima ubora wa jodari kwa macho na vidole walihama na ujuzi wao. Wafanyabiashara wengine waliona gharama, wakafunga.

Ukurasa ambao familia hazipendi kuuonyesha ni wa madeni. Samaki hulipiwa taslimu alfajiri. Hoteli hulipa mwisho wa mwezi, ikilipa. Hoteli tatu zikichelewa pamoja, hakuna pesa ya mnada wa kesho, meza inakuwa tupu, na wateja wa rejareja wanahamia kwingine. Ukiambiwa duka fulani lilifungwa kwa sababu vijana hawakutaka kushika kisu, omba kwanza kuuona ukurasa huo.