Samaki Bila Macho Si Lazima Awe Spishi Nyingine

Jumapili nilikuwa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikingoja fulu wangu, wale samaki wadogo wa ziwani, watoke kwenye mafuta, mpwa wangu akanisogezea simu. Kwenye video, samaki mweupe mwenye wekundu kwa mbali anaogelea gizani, na pale palipostahili jicho pana ngozi tupu. "Mjomba, huyu si ni spishi yake kivyake?"

Mimi nasema hapana, ingawa waliomwona mwanzoni walidhani hivyo. Mwaka 1936 walimpa jina lake mwenyewe, Anoptichthys jordani. Anaishi katika mapango takriban 30 kaskazini mashariki mwa Mexico, na ndugu zake wenye macho wako mitoni palepale nje. Ukiwaweka pamoja wanazaana, na watoto wao nao wanazaa. Hawa si punda na farasi, wanaoishia kupata nyumbu tasa. Ndiyo maana wengi siku hizi wanawaita wote Astyanax mexicanus.

Kuna jambo linanifurahisha kuliko yote. Chukua kipofu wa pango moja, umzalishe na kipofu wa pango lingine la mbali: baadhi ya watoto wanaona! Kila pango liliharibu jeni tofauti, kwa hiyo alichopoteza baba, mama bado anacho. Halafu hata huyo kipofu, akiwa bado kiinitete, huanza kuota macho, kisha yanadhoofika na kufunikwa. Sasa kitu kinachoweza kurudi kwa ndoa moja tu, nikiiteje mpaka wa spishi?

Mpwa wangu hakukubali. Akanyosha kidole kwenye sahani. Ziwa Victoria lina mamia ya spishi za fulu, na nyingi zikifungiwa tangi moja huzaana vizuri tu. Mbona hao wanahesabiwa mbalimbali? (Mama aliyekuwa akikaanga alicheka: "Hawa wote ni fulu, chagua ukubwa.")

Hoja yake ina uzito. Lakini mtazame Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Dume lake ni jekundu, la jirani yake wa karibu ni la buluu, na maji yakiwa maangavu jike humchagua wa rangi yake. Wanakutana kila siku na wanakataana. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, ndipo wanachanganyika. Kule Mexico mafuriko yakimsukuma samaki wa mtoni hadi kwenye baadhi ya mapango, hakataliwi, na machotara wapo.

Vipofu wengine ni habari tofauti kabisa. Phreatichthys andruzzii wa chini ya jangwa la Somalia hana macho wala magamba, na juu yake hakuna mto wenye pacha wake anayeona. Huyo ni spishi, sina ubishi.

Kwa hao wa Mexico ningependa kila pango liamuliwe peke yake. Wakipatikana mahali ambapo mgeni wa mtoni anaingia, anakaa, na hakuna anayezaa naye, nitampigia mpwa wangu simu nimwambie ameshinda.